Mkutubi ndani ya grupu: mnavyotudhania na mambo yalivyo

Wiki iliyopita nimeingizwa kwenye grupu jipya la wakulima wa korosho, watu mia mbili na kitu, wa Tandahimba, Newala, Nanyamba, wengine Nachingwea huko. Admini kanitambulisha vizuri tu, "huyu dada yetu ni mkutubi, atakuwa nasi humu", haikupita dakika mzee mmoja kaandika: mkutubi? kwani humu kuna vitabu vya kuibiwa? Grupu zima likacheka na mimi nikacheka, nikamjibu shikamoo babu, vitabu hamna, nimekuja kukaa nanyi tu. Ila swali lake lile nishaulizwa mara nyingi mno na kwa namna nyingi, na wanaouliza si wakulima peke yao, kuna wenye digrii zao, na kuna bosi wangu mmoja wa zamani alikuwa akinikuta na simu mkononi ananiambia weka simu ufanye kazi, na simu ndo ilikuwa kazi yenyewe. Kwahiyo leo niyatoe yote, yale ninayoyasikia na yalivyo kweli.

Nijieleze kidogo kwanza. Nipo Mtwara mjini, ajira yangu ni maktaba ya chuo, ila nusu ya kazi naifanya ndani ya magrupu: la wanafunzi wanaosoma kwa masafa, la walimu, la korosho la siku zote (siyo hili jipya), na moja la wapenda historia wa Lindi ambalo lina kelele kuliko kivuko cha Msangamkuu siku ya sikukuu. Sisi wa namna hii Kiswahili hakijatupa jina lililokubalika, mimi najiita mkutubi wa ndani. Jina la Kizungu, embedded librarian, nasikia lilitoka vitani, mwaka 2003 Marekani ilivyoingia Iraki waandishi wa habari waliwekwa ndani ya vikosi, wanalala na askari, wanakula nao, vumbi lao moja, halafu ndo wanaandika. Watu wa maktaba wakalipenda lile neno, mwaka uliofuata, 2004, mkutubi wa Marekani aitwaye Barbara Dewey akaliandikia makala kuhusu wakutubi wa vyuo vikuu, na 2012 David Shumaker akatoa kitabu kizima. Basi ndo sisi hao, tofauti ni kwamba hatupigwi risasi, tunapigwa voisi noti za dakika nane.

Tuanze na la huyo babu, kwamba mkutubi ni mlinzi wa vitabu, yupo kaunta, amevaa miwani, anasubiri mtu aje na kitambulisho. Sikatai, kaunta ipo na vitabu vinatunzwa na kuna kozi nzima watu wanaenda Bagamoyo kuisomea. Ila kudhani kwamba kutoka nje ya kaunta ni fasheni iliyoletwa na intaneti, hapo ndo mnapotea. Mwaka 1971 kule Kansas City, kabla sijazaliwa na kabla hata ya kompyuta za mezani, mkutubi mmoja mama Gertrude Lamb alianzisha utaratibu wa wakutubi kuzunguka wodini pamoja na madaktari. Yaani raundi ile ile unayoijua, daktari mkubwa mbele, wanafunzi nyuma, na katikati yao mkutubi kasimama kimya anasikiliza. Daktari akijikuna kichwa kwenye kesi ya mgonjwa, mkutubi keshalisikia lile swali, anaenda kutafuta makala zinazohusu na kuzileta. Hakuna mtu aliyejaza fomu, hakuna mtu aliyekuja kaunta. Na fikiria, yule daktari asingekuja maktaba maishani, si kwamba mjeuri, hana muda na pengine hata hajui kama kile kinachomsumbua kina jibu lililokwishaandikwa na mtu.

Sasa hiyo wodi ndo grupu. Huku kwetu mtu wa unyago atanielewa haraka, kungwi hakai ofisini akisubiri mwali aje na orodha ya maswali, anakaa naye ndani, analala naye, anamfundisha jambo siku ambayo jambo limefika. Kwa wanafunzi wa masafa nafanya vivyo hivyo. Mhadhiri ananiingiza kwenye kozi yake humo kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, ananipa ruhusa ya kuandika na kusoma majadiliano ila siwezi kugusa maksi, na mimi sijitambulishi wiki ya kwanza kwa somo refu la matumizi ya maktaba maana nishalifanya hilo huko nyuma na hakuna aliyekumbuka hata neno. Nasubiri. Wiki asaimenti inapotoka, siku ile ile, naweka kipande kifupi: mada yenu hii, anzieni hapa, maneno ya kutafutia ni haya, na hii hapa voisi ya dakika mbili kwa wenye bando dogo. Kipande kile kile ningekiweka wiki ya kwanza kingelala, wiki ya asaimenti kinasomwa saa sita usiku na watu wamekaa chini ya mwarobaini Masasi wanatafuta neti.

Haya, kubwa lao: si kuna Google, si kuna AI, mkutubi wa nini tena?

Hili siwezi kulipita juu juu. Kuna mwanafunzi alinitumia inboksi orodha ya rejea, nzuri kweli, majina ya waandishi, miaka, namba za kurasa, mpaka zile namba ndefu za DOI, za kuitambulisha kila makala mtandaoni, zipo, anasema dada naomba unisaidie kuzipata hizi makala maana kila nikitafuta sioni. Nikajua hapo hapo, ila sikumwambia, nikaanza kufungua moja moja. Ya kwanza DOI yake inafungua makala ya magonjwa ya samaki, na yeye anaandika habari za ushirika. Ya pili jarida lipo kweli, toleo lipo kweli, ukurasa aliopewa una makala nyingine kabisa. Ya tatu mwandishi yupo ila ni mtu wa uhandisi, hajawahi kuandika neno moja la ushirika. Katika orodha nzima zilizokuwa za kweli zilikuwa chache. Aliziomba AI, AI ikampa, maana hizi programu kazi yake ni kupanga maneno yanayofuatana kama yanavyofuatana kwenye maandishi iliyolishwa, ukiiomba rejea inakutengenezea kitu chenye sura ya rejea. Haidanganyi kwa makusudi, haijui tu kwamba kitu kinatakiwa kiwepo. Na msidhani ni ushamba wa mwanafunzi wa Mtwara, mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani kesi za mfano walizopewa na ChatGPT, kesi hazikuwepo duniani, jaji akawapiga faini ya dola 5,000.

Na Google je? Google inaleta vitu vya kweli, shida ni kupima. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa utafiti waliowakalisha watu 45 mbele ya kurasa za mtandao, wanahistoria 10 wenye PhD zao, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wahakiki habari 10, wakawaangalia wanavyoamua ukurasa upi ni wa kuaminika. Wanafunzi na hata maprofesa walikuwa wanakaa kwenye ukurasa ule ule wanausoma kwa makini, wanaangalia nembo, wanaangalia kama umepangika, wanatapeliwa. Wahakiki walikuwa wanautoka ukurasa haraka, wanafungua vingine pembeni kuuliza hawa waandishi ni akina nani na wengine wanawasemaje. Ni kama ukitaka kuoa, huendi kumuuliza binti mwenyewe tabia yake, unauliza majirani. Hiyo ndo kazi ninayoifundisha humo magrupuni bila kuiita somo.

Mfano mtamu zaidi ni wa mjusi wetu. Lile grupu la Lindi liliwaka moto siku tatu kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huku Lindi. Mmoja kaleta linki inasema anaitwa Brachiosaurus, mwingine kaleta nyingine inasema hapana, Giraffatitan, wa tatu akasema mnaona, Wazungu wenyewe hawajui, wametuibia mifupa na jina wamesahau. Watu wameanza kutukanana, mwingine kashaingiza siasa za jimbo. Mimi mambo ya mijusi sijui, nakiri, ila ninachojua ni kwamba maandishi yana tarehe. Nikaingia kutafuta, nikarudi nikawawekea kwa mpangilio: mwaka 1906 mhandisi wa migodi Mjerumani, Sattler, aliona mifupa imechomoza Tendaguru, uchimbaji mkubwa ukafanyika 1909 mpaka 1913, wapagazi wa huku huku wakaibeba mpaka bandari ya Lindi ikapakiwa kwenda Berlin. Mwaka 1914 Werner Janensch akampa jina Brachiosaurus brancai, kwa sababu alimwona ni ndugu wa mjusi mwingine aliyepatikana Marekani. Mifupa ikasimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin 1937, urefu kwenda juu zaidi ya mita 13, na ipo mpaka leo. Halafu baadaye wataalamu wakawalinganisha tena hao wawili, utafiti wa 2009 wa Michael Taylor ukaonyesha tofauti ni nyingi mno kuwaita jina moja, ndo wengi wakahamia Giraffatitan, kwa lugha yetu tuseme jitu la twiga. Kwahiyo linki zote mbili hazidanganyi, ya kwanza ni ya zamani tu. Ugomvi ukafa palepale, yule wa siasa za jimbo akahamia mada nyingine.

Oneni sasa, Google ilikuwa imewapa majibu yote mawili. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza, hiyo ya lini?

Kuna wengine wako upande wa pili kabisa, wao wananiona kama najua kila kitu. "Dada wa maktaba, mbuzi wangu anaharisha." "Dada wa maktaba, TRA wanafungua saa ngapi." Hii ni heshima na nashukuru, ila ni hatari, maana mkutubi wa ndani anayeanza kujibu kama daktari au bwana shamba ndo keshaharibu. Ujuzi wangu uko kwenye kujua jibu linakaa wapi na nani ana haki ya kulitoa, na zaidi sana kulijua swali lenyewe. Hapo kwenye swali watu hawapatii maanani kabisa. Robert Taylor, mtaalamu wa maktaba wa Marekani, aliliandikia mwaka 1968, kwamba mtu anapokuja kwa mkutubi swali analolitamka si lile alilonalo, limeshapita hatua kadhaa, kuna hitaji ambalo hata yeye hajalipatia maneno, na anachokitamka mwisho ni kile anachodhani maktaba inaweza kumpa.

Sikilizeni hii. Mjomba mmoja kwenye grupu la korosho kauliza, "salfa inawekwa kiasi gani kwa mche mkubwa?" Swali jepesi, watu kumi wakamjibu, kila mtu na kipimo chake, wengine wanapima kwa kopo la rangi. Mimi nikamuuliza, mjomba, mikorosho ina nini hasa? Akasema machipukizi yanakuwa meusi, yanakauka. Kuna unga mweupe? Hamna unga. Kuna vijidudu? Akasema vipo, kama mbu wekundu hivi. Sasa mtu yeyote wa huku anajua salfa tunayopuliza ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ule unaoacha vumbi jeupe kwenye maua na majani machanga msimu wa baridi. Mdudu ni habari nyingine na dawa nyingine. Kwahiyo jibu sahihi la swali lake la kwanza lingempotezea hela, na salfa unajua inavyouma mfukoni. Mimi sikumwambia apulize nini, nilichofanya ni kuchukua maelezo yake na picha alizopiga, nikamwelekeza kwa watu wa Naliendele ambao kazi yao ya utafiti ndo hiyo ya korosho, nikamtafutia na kipeperushi cha Kiswahili kinachotofautisha dalili, nikakiweka kwenye grupu ili wale kumi wenye makopo ya rangi nao wakione. Ingekuwa kaunta, mjomba angekuja kweli kutoka kijijini kwake na nauli yake kuniuliza salfa? Asingekuja. Na angekuja ningempa kitabu cha salfa.

Halafu kuna hii ya pidiefu. Kwa watu wengi mkutubi wa onlaini maana yake ni mtu wa kutuma pidiefu, ukishindwa kuituma huna maana, wanakuona unabana. Kuna siku nilikataa kutuma kitabu cha kiada kilichopigwa skani kurasa mia tatu, nikaitwa mchoyo na mtu ambaye namfahamu mpaka mama yake. Jamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na mwandishi wa kile kitabu ni Mtanzania mwenzetu anayekula kwa kile kitabu. Ila tuache sheria, hata kwa faida yenu wenyewe faili la kufowadiwa ni baya kuliko linki. Faili halijui kama limezeeka. Walimu wanalijua hili vizuri, tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024 magrupu yamejaa mihtasari, mingine ya zamani mtu kabadilisha jalada tu, na mwalimu wa Liwale kaandaa maazimio ya kazi kwa muhtasari ambao haupo tena. Mimi kwenye grupu la walimu sitoi faili la muhtasari, natoa linki ya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitabu vya kiada vipo bure, kikibadilika kinabadilika huko huko na linki ni ile ile. Kwa wa chuo kuna Research4Life, humo ndani Hinari ya afya iliyoanza 2002 na AGORA ya kilimo ya 2003, majarida ya bei mbaya taasisi za nchi kama yetu zinayapata bure au kwa ada ndogo, ila anayejisajili ni taasisi, siyo mtu binafsi. Kwahiyo mwanafunzi anayelalamika kila siku ukurasa unamdai dola thelathini kwa makala moja, mara nyingi makala hiyo hiyo angeipata kwa neno la siri ambalo limekaa kwa mkutubi wa chuo chake na hajawahi kuliomba. Huo nao ni uchoyo? Hapana, ni kutokuulizana tu.

Kingine: eti mkutubi akiingia kwenye grupu basi limepata polisi, kila fowadi atasema feki, kila tarehe atarekebisha, watu waogope kuandika. Nakubali wapo wa hivyo na magrupu yanawatoa, na haki yao kutolewa. Mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa hivyo, nikaumbuka. Mwalimu mstaafu mmoja, mtu mzima wa heshima zake, aliweka habari kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani yamewekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, tuchukue hatua. Nikarukia mbele za watu wote, siyo kweli, feki. Na haikuwa feki! Kilwa na Songo Mnara viliingia urithi wa dunia 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatarini 2004, vikatolewa kwenye hiyo orodha 2014. Habari ya mwalimu ilikuwa ya kweli kwa miaka kumi kamili, ni fowadi iliyochelewa kufika kama mzigo wa basi la zamani la Kibiti enzi za mvua. Nimemwaibisha mtu mzima na mimi mwenyewe nimekosea. Nilimpigia simu kumwomba radhi, tangu siku ile utaratibu wangu ni huu: shikamoo kwanza, inboksi, na ninamuuliza kabla sijamwambia, "mwalimu hii umeitoa wapi, mbona nimeona nyingine inasema imeshatolewa?" Asilimia kubwa anarudi mwenyewe kwenye grupu kusahihisha, na akisahihisha yeye watu wanamsikiliza kuliko mimi ambaye nimekuja juzi.

Na ndo maana wiki mbili tatu za mwanzo kwenye grupu lolote siandiki kitu chochote zaidi ya salamu na pole na hongera. Nasoma. Nani anaaminika humu, nani akisema wanaitikia, utani unaenda vipi, saa ngapi watu wapo, kitu gani kinarudi kuulizwa kila mwezi. Shumaker yule wa kitabu cha 2012 anasisitiza sana uhusiano, kwamba mkutubi wa ndani anabebwa na uhusiano wake na kundi na kulifanya lengo lao kuwa lake. Kwa maneno ya huku, ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho. Msimu wa mnada wa korosho usije na habari za wiki ya usomaji, watu wanaangalia bei.

Suala la siri sasa, hili nalo watu wanalo moyoni hawalisemi, kwamba huyu wa maktaba anakusanya habari zetu. Ukweli ni kwamba maadili ya kazi yetu yanasema kinyume kabisa, kanuni za IFLA za 2012, hao ndo shirikisho la maktaba la dunia, zinatutaka tulinde usiri wa msomaji, anachosoma na anachouliza ni chake. Mtu akiniuliza kwenye grupu jambo la ugonjwa au la ndoa yake namhamishia inboksi haraka na kule kwenye grupu naandika tu "nimekuona". Skrinishoti ya swali la mtu siitoi, hata kwa mafunzo, hata nikifuta jina, maana huku mji mdogo, ukifuta jina watu wanamjua kwa uandishi. Na nchi yenyewe ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila niseme ukweli na upande wa pili, mimi kulinda siri hakuifanyi WhatsApp ya watu mia mbili kuwa chumba cha siri. Hilo nalisema kila grupu, mara moja, halafu nanyamaza.

Madogo madogo nayapitisha haraka. Eti jamii za mtandaoni ni lazima uwe na mitambo mikubwa: mwaka 2006 wakutubi wa Illinois walijenga maktaba ndani ya Second Life, dunia ya kompyuta ambayo unatembea na mwili wa kuchora, wakaiita kisiwa cha habari, wakawa wanajibu maswali humo kweli kweli. Msisimko ulikuwa mkubwa, baadaye watu wengi wakahama na dunia ile ikapungukiwa. Wakutubi wenye akili nao wakahama na watu wao. Kwetu watu wako WhatsApp, basi, na simu ya bei rahisi inayoshika WhatsApp inatosha. Eti lazima uwe hewani saa 24: hapana, mimi nipo saa moja asubuhi na saa mbili usiku, umeme ukikatika sipo, na magrupu yangu yamezoea. Eti mkutubi mmoja aingie magrupu yote: hawezi, nina manne na nishachoka, la tano la wakulima wale wapya mumeniona nimeingia kwa sababu admini ni shemeji. Eti watu wa maktaba wanaichukia Wikipedia: kuna kampeni nzima tangu 2016 inayomwomba kila mkutubi aongeze chanzo kimoja tu kwenye Wikipedia, na ile ya Kiswahili ipo tangu 2003, ina makala za vijiji na kata zetu ambazo ni mistari miwili isiyo na chanzo. Mwanafunzi wa hapa akiniuliza afanye nini likizo namwambia nenda kaongeze mstari wa tatu, na uweke chanzo.

Nimalizie na la yule bosi, kwamba hii siyo kazi kwa sababu haihesabiki. Maktaba ina daftari la mlangoni, watu waliingia mia leo, vitabu viliazimwa arobaini, ripoti imejaa. Mimi ripoti yangu ina nini, nimekaa kwenye grupu? Nilihangaika na hili muda mrefu, nikaanza kuandika kwenye daftari langu kila swali, lilitoka grupu gani, liliishia wapi. Mhindi mmoja gwiji wa fani yetu, Ranganathan, mwaka 1931 aliweka sheria tano za maktaba na ya nne inasema okoa muda wa msomaji, basi nikawa naandika na hilo, mtu huyu ameokoa nini, nauli ya Newala kuja mjini, mfuko wa salfa, wiki ya asaimenti. Bosi alilisoma daftari, akasema zuri, halafu akaniuliza ila walioingia mlangoni walikuwa wangapi.

Daftari lile bado ninalo na lina tatizo jingine ambalo sijui nalijazaje. Juzi kwenye grupu la korosho, siyo hili jipya, lile la siku zote, mtu kafowadi bei za mnada, bei nono kweli, watu wanashangilia, nikaona hapa pana kitu, nikaanza kuandika. Kabla sijabonyeza kutuma yule mjomba wa salfa kashaandika, kwa herufi zake kubwa kubwa zote: HII YA LINI NA UMEITOA WAPI. Kimya dakika moja. Halafu mwenye fowadi akaandika samahanini, nimeona sasa, ni ya msimu uliopita. Nikafuta yangu.